ETI KWETU NI MAGOFU TU??? Yule bwana wa faili la buluu leo kanivunjia heshima mbele ya ukumbi mzima

BintiMkunazini

Assalam aleykum wote. Naandika natetemeka kwa hiyo herufi zikipinda mnisamehe. Yule bwana, simtaji, nyote wa St. Louis hapa Missouri mnamjua, mzee wa kofia ya manyoya mpaka mwezi wa saba, faili la buluu kwapani hata msibani, leo kwenye walima, sambusa mkononi, kanitazama juu mpaka chini akasema kwa sauti ya kipaza sauti: "Dada wewe unajua nini kuhusu nyumba za kihistoria, huko kwenu si ni magofu tu."

MAGOFU!!! Na mama alikuwa kwenye simu ya video anatizama arusi. Kakaa kwake Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukuta wa mawe nyuma yake unene wa mkono mzima, kasikia neno kwa neno. Kaniuliza "nani huyo anasema magofu?" nikakosa la kumjibu, nikamwambia mtandao mbaya mama, nikakata.

Sasa wasiojua niwaeleze. Mwaka juzi nilinunua jengo la matofali mekundu karibu na Cherokee Street, duka chini, nyumba ya kupangisha juu, limo ndani ya mtaa uliosajiliwa kuwa wa kihistoria. Jengo la namna hiyo likiwa la biashara ukilikarabati kwa masharti serikali kuu inakukatia kodi 20% ya gharama, na jimbo la Missouri tangu 1998 nalo lina yake 25%. Hupewi fedha mkononi, ni kodi unayodaiwa ndiyo inapungua, na ile ya jimbo kama kodi yako ndogo unaruhusiwa kumuuzia mwenye kodi kubwa. Mimi nimetumia dola elfu 140. Pigeni hesabu wenyewe, elfu 28 za serikali kuu, ambazo tangu sheria ya 2017 unazichukua vipande vipande miaka 5, na elfu 35 za jimbo. Elfu 63! Mkopo wa benki wote nilikuwa nimeuegemeza hapo.

Huyu bwana akasema fomu zote niachie mimi dada, na mafundi nitakuletea mimi. Fomu ina sehemu tatu, ya kwanza unaonyesha jengo lina historia, ya pili unaeleza utafanya nini na picha za kila chumba KABLA hujagusa kitu, ya tatu kazi ikiisha wanakagua ulichofanya. Yeye Sehemu ya Pili haijajibiwa kashaleta mafundi wanang'oa!! Nimetoka kazini nikakuta madirisha yangu 11 ya mbao yako kwenye jalala la chuma nje, yale ya zamani ambayo ndani ya fremu mna kamba na chuma kizito cha kushika uzito, ukilisukuma kwa kidole linapanda. Nikaingia jalalani na nguo za kazini nikatoa chuma kimoja, kamba bado imefungwa fundo la yule seremala wa miaka mia iliyopita. Ninacho hapa mezani. Na ukutani kwangu kumewekwa plastiki jeupe kama meno ya bandia ya mzee.

Masharti yenyewe si siri, yako 10, na mtoto wa darasa la nne anayaelewa, kilichoharibika kinatengenezwa, kikioza kabisa ndipo unaweka kipya na kifanane na kile cha zamani. Waulizeni waliowahi kukataliwa, wengi ni madirisha. Na saruji je? Nilimwambia kwa heshima zote, kaka, matofali ya zamani haya laini, yamejengwa kwa chokaa, usizibe viungo kwa saruji ngumu, maji yatanaswa ndani, baridi ikija yatagandia humo na tofali litapasuka uso. Marehemu baba alikuwa fundi chokaa, nimekulia kwenye shimo la chokaa mimi, najua ukuta unavyopumua. Akanijibu "tulia dada, hii Amerika." Haya, baridi imekuja imeondoka, jana nimepitisha kucha ukutani uso wa tofali umebanduka kama ganda la muhogo uliochemka, nimebaki na unga mwekundu kuchani.

Barua imekuja Alhamisi. Sehemu ya Tatu imekataliwa, madirisha na saruji, hivyo hivyo. Leo nimemsogelea taratibu, sikupaza sauti, nimemuuliza kaka barua umeiona? Ndipo akameza sambusa na kusema kwetu ni magofu. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, nyumba aliyozaliwa mama yangu boriti zake za mikandaa ni za zamani kuliko jengo lolote ninaloliona dirishani hapa, halafu mtu aliyetupa madirisha yangu jalalani ananiambia kwetu magofu! Sambusa yenyewe niliikanda mimi!!

---

Mwana_Columbus

Pole sana dada. Ila swali, ulisaini mkataba unaosema nini? Maana nyie watu wa huko mkiona faili tu mnasaini.

KakaMtopanga

Bana hiyo faili ya buluu mimi naijua, ndani kuna menyu ya pizza na risiti za petroli. Alinijia hapa Kansas City na story ya godauni nzee, akaniambia tutakula krediti, hilo punguzo la kodi, hadi wajukuu. Nikamuuliza mradi gani umewahi kumaliza, akaangalia saa.

MutotoYaBukavu

Ule mutu tunamujua weye dada. Kwa kanisa yetu alikuja na faili ile ile, alisema ataleta feza ya serikali ya kutengeneza paa. Mupaka leo mvua iko inanyesha ndani.

BintiMkunazini

@Mwana_Columbus mkataba nilisoma, umeandikwa "kwa kufuata masharti ya hifadhi". Masharti yakafuatwa wapi, jalalani? Na hilo la mkataba ningelimeza. Nisilolimeza ni magofu. Mbele ya mama.

Fundi_Nangwanda

Mimi nafanya kazi hizi miaka 9 sasa, nimeshika matofali ya Soulard na maghala ya Washington Avenue hapa St. Louis. Dada yuko sahihi kwenye chokaa asilimia mia. Tofali laini likifungwa na saruji ngumu, tofali ndilo linakufa, saruji inabaki imesimama kama kimia. Na madirisha yale ya mbao ya zamani ni mti mgumu uliokomaa taratibu, ukibadilisha kamba na kupaka rangi yanaenda miaka mingine mingi, plastiki ikivunjika hakuna cha kutengeneza unatupa. Dada usikae unalia, uamuzi wa serikali kuu una rufaa, siku 30 tangu upate barua, kwa maandishi. Na uulize kama ukirudisha madirisha ya mbao na kutoa saruji wataangalia upya. Kutoa ile saruji kuwe kwa mkono na patasi, ukimruhusu mtu aingize mashine atakata kingo za matofali.

Chausiku_wa_Mtandao

Kwa hiyo fundi unataka kusema atoe tena saruji ya jengo zima kwa patasi 😂😂 dada uza hilo jengo, nenda kanunue gari.

Mwana_Columbus

Angalau nyie Missouri mnapewa mkitimiza masharti. Huku Ohio ni mashindano, awamu kwa awamu, mnapangwa kwa maksi kama mtihani wa darasa la saba. Na ukiishi mwenyewe kwenye nyumba yako huna chako, wakati Missouri hata nyumba ya kuishi mwenyewe inaingia. Halafu mnalalamika.

KakaMtopanga

@Mwana_Columbus usituambie tunapewa bure hapa. Kikapu cha jimbo cha hizo krediti kina kikomo, 2018 walikishusha kutoka dola milioni 140 kwa mwaka hadi 90, na 30 nyingine wakaziweka kando kwa mitaa maskini. Wenye majengo makubwa wakifika mbele na mawakili wao sisi wa duka moja tunachungulia tu.

Chausiku_wa_Mtandao

Ila tuwe wakweli. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la huko kwenu Zanzibar, si lilianguka lenyewe? Tarehe 25 Desemba 2020, dunia nzima iliona. Yule bwana hakukosea sana.

BintiMkunazini

Wewe Chausiku adabu huna. Jumba la Maajabu limejengwa 1883, limeanguka likiwa kwenye ukarabati na watu wawili wamekufa chini yake, wana mama zao. Unaleta kicheko hapo? Siku ile mama alilia kama kafiwa. Na ndiyo maana neno gofu nyumbani kwetu halisemwi hovyo, yule bwana kalisema na mafuta ya sambusa mdomoni!!

DadaWaLangoni

Polepole dada Zanzibar, nyumba za zamani ni Lamu. Sisi tumeingia urithi wa dunia 2001 lakini mji wetu mzee kuliko wenu mara nyingi. Zidaka za plasta, vile vishubaka vya nakshi ukutani, nyie mnazo?

BintiMkunazini

Dada yangu sijaja kushindana zidaka, nimetukanwa.

DadaWaLangoni

Nimeuliza tu. Na milango pia.

Pwani_Asilia

Milango msiizungumze, mnaniumiza. Mombasa jirani yetu kauza mlango wa babu yake kwa mtu wa hoteli, akaweka geti la chuma la rangi ya maziwa. Mlango wa nakshi, minyororo pembeni, ameubeba mtu kwenye pikapu mchana kweupe. Hakuna wa kumkatia kodi aliyeutunza, kwa hiyo anayetunza anaonekana mjinga na anayeuza anaonekana mjanja. Tungekuwa na sheria kama hiyo ya Missouri Mombasa, ule mlango ungekuwa bado pale.

Mtoto_wa_Gerezani

Njooni Kariakoo mlie vizuri. Nyumba za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, uani kuna mwembe, zimekwisha. Ya bibi yangu sasa ghorofa, chini wanauza makava ya simu. Tuligawiwa fedha ndugu 14, mpaka leo hatusalimiani.

Chausiku_wa_Mtandao

Nyumba ya bibi yako haikuwa ya kihistoria, ilikuwa na kunguni.

Mtoto_wa_Gerezani

Kunguni wa kihistoria basi. Una lingine?

MamaPilau_STL

Samahani naingilia, walima ndiyo ile ya leo pale ukumbi wa nyuma ya msikiti? Kuna mtu kaondoka na sufuria langu kubwa la namba 50, lina alama ya rangi nyekundu kwenye kishikio.

KakaMtopanga

Mama pilau yenyewe leo ilikuwa na nyama ngapi? Mimi nilihesabu viazi sita na kipande kimoja cha mfupa, mfupa wenyewe ulikuwa msafi kama umepigwa mswaki.

MamaPilau_STL

Wewe ulikuja na watoto watano bila kadi, unadai nyama? Nimechinja mbuzi wanne. Ulizeni meza ya mbele.

MutotoYaBukavu

Meza ya mbele njo walikula zote. Sisi ya nyuma tulikula harufu.

Fundi_Nangwanda

Dada BintiMkunazini nimekutumia meseji ya faragha. Kuna ghala la vifaa vya nyumba za zamani upande wa kaskazini wa mji, huwa wana fremu za mbao zilizotolewa kwenye nyumba zilizobomolewa. Chukua vipimo vya tundu zote 11, upana juu, katikati na chini, maana ukuta wa zamani haulingani. Na kile chuma ulichookoa kipime kilo zake, kitakuambia dirisha lilikuwa na uzito gani.

BintiMkunazini

Allah akubariki fundi. Nimekipima sasa hivi kwenye mizani ya jikoni, kilo tatu na kitu. Kesho namwonyesha mama kwenye video, nimuonyeshe na fundo la ile kamba. Lakini jamani, na yule bwana tunamwacha hivi hivi? Kasema magofu na ukumbi mzima mkacheka!

DadaWaLangoni

Sisi hatukucheka, sisi tulikuwa tunatafuta nyama.

Mwana_Columbus

Hivi hiyo nyumba ya juu ya duka imepata mpangaji? Nina binamu anahamia huko mwezi ujao, hana shida na madirisha ya plastiki.

MamaPilau_STL

Sufuria. Namba 50. Alama nyekundu kwenye kishikio. Aliyenalo alirudishe kabla ya Ijumaa, nina akika.

KakaMtopanga

Mama mimi nilimwona yule mzee wa kofia anapakia kitu kikubwa kwenye buti ya gari, juu yake ameweka faili.

MamaPilau_STL

FAILI LA BULUU???