Naomba ushauri: wateja wa Kalemie na Bujumbura tuwaiteje bila kumvunjia mtu heshima?

Karani wa Bandarini, Kigoma

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninasimamia mapokezi na barua katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Kigoma mjini. Mizigo tunayoishughulikia huja kwa reli kutoka Dar es Salaam, hupakiwa melini na kuvuka ziwa kwenda Kalemie au Uvira huko Kongo, au Bujumbura huko Burundi, kwa hiyo kutwa nzima tunapokea simu na ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa watu wa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi, na mara mojamoja Kiingereza cha Wajerumani na Wachina wanaouza mashine. Meneja amenitaka niandae mwongozo wa ukurasa mmoja kuhusu namna ya kumwita mteja, kwa kuwa malalamiko ya watu kuvunjiwa heshima yamezidi.

Mifano ni kama hii. Mteja wa Kalemie, mtu mzima mwenye maduka yake, alimwandikia kijana wetu: "Papa, mlipata karatasi zangu?" Kijana, ambaye hata ndevu hazijamtoka sawasawa, alidhani anadhihakiwa kwa kuitwa baba, akajibu kwamba dawatini yuko peke yake na kwamba "wewe umetuma nakala tu, tuma halisi". Mzee akampigia meneja simu kulalamika kuwa anasemeshwa kama mtoto. Wiki hiyohiyo binti wa mapokezi alinuna kwa sababu mwanafunzi kutoka Uvira, aliyekuja kuchukua nyaraka za baba yake, alimwambia "Jambo, mama" bila shikamoo. Tena kuna ndugu wawili wa Bujumbura, baba mmoja mama mmoja, ambao nusura wazuiwe kuchukua mzigo wa familia kwa sababu katika vitambulisho vyao hakukuwa na jina hata moja linalofanana.

Meneja anapendekeza kila mtu aitwe Mheshimiwa ili tusikosee. Mwenzangu wa hesabu anasema jina la kwanza linatosha, kama wafanyavyo Wazungu katika barua pepe. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao, lakini hoja za kuwajibu sina. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Mkalimani wa Mwanga

Sijui kama nikuite dada au kaka, kwa hiyo nitabaki na Karani.

Nimetafsiri baina ya Kifaransa na Kiswahili kwa muda mrefu, na nililojifunza ni kwamba mgogoro mkubwa hauko kwa Mjerumani wala kwa Mchina. Kwao kila mmoja anajua kuwa anavuka mpaka, anajiandaa, na akikosewa anasamehe kwa sababu anaona wazi kwamba mwenzake ni mgeni wa lugha. Mgogoro uko kwa Mkongomani, kwa sababu nyote mnasema Kiswahili na kila upande unaamini kuwa mwenzake ameyaelewa maneno yake yote, pamoja na heshima iliyomo ndani yake. Akikosea mtu wa namna hiyo, humdhanii ugeni, unamdhania ufidhuli.

Mzee wako wa Kalemie amesoma na kufanya biashara kwa Kifaransa, na Kifaransa kina nafsi ya pili za aina mbili: *tu* kwa mtoto, rafiki na ndugu, na *vous* kwa watu wengi au kwa mtu mmoja anayeheshimiwa. Aliposema "mlipata" alikuwa akimheshimu kijana wenu kwa wingi. Kijana alipojibu "wewe umetuma", masikioni mwa mzee ilikuwa kana kwamba ameteremshwa ngazi mbele za watu, ingawa kwetu sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi na pengine haina hata kosa la adabu. Ukitaka kuepuka hilo, usimjibu kwa wingi wa kulazimisha, maana utachanganya, acha tu kulitumia neno "wewe" peke yake na uweke cheo mahali pake: "Bwana Mkurugenzi, tumepokea nakala, tunaomba sasa tutumiwe karatasi halisi." Sentensi ya kutendwa, ambayo walimu wetu walikuwa wakituzuia tusiizidishe, hapa inaokoa mambo.

Kuhusu "papa" na "mama": mashariki ya Kongo mtu huweza kumwita hivyo kijana, hata mtoto mdogo, kwa upole tu. Hakuna dhihaka. Na "jambo", ambayo sisi tumeiachia watalii, kwao ni salamu kamili ya mtu mzima na mtoto. Shikamoo haikutawala kule kama ilivyotawala huku, hivyo yule mwanafunzi hakunyima kitu alichokuwa nacho. Mwambie binti wa mapokezi ajibu "jambo" kwa uso mkunjufu na kazi iendelee.

Jambo jingine linalohusu barua za Kifaransa. Mwanzo wa barua rasmi huandikwa cheo bila jina la mtu, yaani "Bwana Mkurugenzi," kisha mkato, na mwishoni kabisa, katika sentensi ndefu ya kuaga, cheo kilekile hurudiwa neno kwa neno. Ukianza na Mkurugenzi ukamaliza na Bwana pekee, msomaji makini ataona umempunguzia njiani.

Kijana wa Katubuka

Pamoja na heshima zote, nadhani mnakuza mambo. Dunia ya biashara imekubaliana na Kiingereza, na Kiingereza kina "you" moja kwa rais na kwa mpiga debe. Wasweden wanaitana majina ya kwanza kazini na viwanda vyao havijafungwa. Kwa nini sisi tuandike mwongozo wa ukurasa mzima?

Mwalimu wa Ujiji

Kijana, mifano yako yote miwili inakupinga, na naomba nieleze kwa nini.

Kiingereza cha zamani kilikuwa na "thou" kwa mmoja na "you" kwa wengi. Wingi ukaanza kutumiwa kwa wakubwa, kisha kwa kila mtu asiyefahamika, hadi "thou" ikabaki katika sala na mashairi. Kwa hiyo walichokipoteza Waingereza ni "wewe". Wanachokitumia leo kwa kila mtu ni "ninyi" ya heshima. Tena heshima yao imehamia kwingine, katika majina na vyeo, na huko kuna kanuni ambazo mgeni hazioni. Mashabiki wa mpira wa hapa Ujiji wanasema "Sir Alex" na wako sahihi kabisa, kwa sababu cheo hicho hufuatwa na jina la kwanza. Lakini "Mr" hufuatwa na jina la ukoo, na anayemwandikia Mwingereza kwa "Mr" na jina la kwanza huonekana wa ajabu kidogo, ingawa sisi tunafanya hivyo kila siku kwa "Bwana Juma" bila tatizo.

Wasweden nao hawakuzaliwa hivyo. Zamani Msweden alimsemesha mkubwa wake kwa cheo kana kwamba hayupo: "Je, daktari atapenda kahawa?" huku daktari ameketi mbele yake. Mabadiliko yalikuja miaka ya 1960, na mtu anayekumbukwa zaidi ni Bror Rexed, mkuu wa idara ya afya ya nchi hiyo, ambaye mwaka 1967 alitangaza kwamba angewasemesha wafanyakazi wake wote kwa nafsi ya pili ya kawaida na majina yao ya kwanza. Aliyetangaza alikuwa mkuu, si karani wa mapokezi. Mjerumani jirani yake hakumfuata: mpaka leo humwita mteja kwa jina la ukoo na kwa kiwakilishi ambacho kwa asili kina maana ya "wao", na kuhamia katika "wewe" kwa kawaida hupendekezwa na mkubwa, si na mdogo.

Kwa Wachina, Karani, kumbuka tu kuwa jina la ukoo hutangulia. Rais wao ni Xi Jinping, naye huitwa Rais Xi. Waethiopia ni kinyume: jina la pili ni la baba, kwa hiyo Abiy Ahmed ni Waziri Mkuu Abiy, na ukimwita Bwana Ahmed umemwita mzazi wake.

Mwana wa Kasulu

Mimi nitazungumzia Warundi, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana na nimekua nao.

Ile habari ya ndugu wawili wenye majina tofauti si ya kushangaza. Kwa desturi ya Burundi kila mtoto hupewa jina lake, wala halazimiki kubeba jina la baba. Sisi Watanzania tunaandika jina letu, la baba na la babu, kisha tunadhani dunia nzima inafanya hivyo. Karani wetu akiona jina la mwisho analisoma kama la babu. Kwa Mrundi jina hilo linaweza kuwa ni lake mwenyewe la ubatizo, kwa sababu wengi huandika la Kirundi kwanza na la Kikristo baadaye. Vilevile mke anaweza kubaki na jina lake, hivyo usimwite Bibi Fulani kwa jina la mumewe kabla hajajitambulisha mwenyewe. Undugu uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa au barua ya kuidhinisha, si kwa kulinganisha majina.

Na kuhusu ule wingi wa heshima, nacheka kidogo ninaposikia watu wa Kigoma wanaushangaa. Asubuhi tunasema "Mwakeye" kwa bibi mmoja aliyeketi peke yake barazani, na hiyo ni salamu yenye kiambishi cha wengi. Mrundi naye akishukuru husema "murakoze" kwa mtu anayemheshimu na "urakoze" kwa mwenzake. Kijana wenu angesikiliza kwa sikio la nyumbani angemwelewa yule mzee.

Karani Mstaafu, Tabora

Nimesoma kwa furaha. Hata huku Unyamwezini mtu mzima husalimiwa "Mwangaluka" kwa wingi.

Naongeza la historia, kwa sababu litakusaidia na wateja wazee. Sisi baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulikuwa tunaandika Ndugu kwa kila mtu, kuanzia tarishi hadi waziri, na ndani ya chama tawala bado neno hilo liko hai. Ng'ambo ya ziwa Mobutu, aliyekuwa rais wa Kongo, alifanya la kufanana na hilo kwa mkono mzito zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi ilipoitwa Zaire, alipiga marufuku majina ya Kikristo, na maneno ya Kifaransa yenye maana ya Bwana na Bibi yakaondolewa, kila mmoja akawa "raia". Mambo yalilegezwa mwaka 1990. Ndiyo maana fomu za Kongo hadi leo zina jina, jina la pili lililoingia wakati ule, na mwishoni jina la Kikristo. Unapomwandikia Mkongomani, Bwana lifuatwe na jina la kwanza kuandikwa katika fomu yake, ambalo kwenu linaonekana kama la kwanza lakini kwake ndilo la familia.

Kwa hiyo usimwandikie mzee wa Kalemie Ndugu. Kwetu ni usawa. Yeye anaweza kukumbuka enzi aliyolazimishwa kuitwa raia.

Karani wa Bandarini, Kigoma

Nawashukuru sana. (Mkalimani, mimi ni dada.) Nimeanza kuandika hivi: "Katika fomu ya kupokea mteja kutakuwa na nafasi ya swali: Ungependa tukuiteje katika simu na barua? Jibu liandikwe kama alivyolitamka, na kila mfanyakazi alitumie hivyohivyo. Kabla ya kujibiwa, tumia Bwana au Mama pamoja na cheo, na usiandike 'wewe' mwanzoni mwa sentensi." Swali lililobaki ni la meneja: bado anataka Mheshimiwa kwa wote.

Mkalimani wa Mwanga

Katika swali lako andika "Mngependa tuwaiteje", maana fomu hiyo Wakongomani na Warundi ndio watakaoijaza zaidi, na Mtanzania hatakasirika.

Kuhusu Mheshimiwa, mwambie meneja kwamba hapa kwetu ni la mbunge, diwani, hakimu, mkuu wa wilaya na wanaofanana nao. Mfanyabiashara akiandikiwa hivyo katika ankara ya kuchelewesha kontena, atadhani anakejeliwa. Libakizeni kwa ajili ya konseli wa Kongo na yule wa Burundi, ambao ofisi zao ziko hapahapa mjini na ambao barua zao, bila shaka, mnaziandika pia.