Supu ya mifupa ya Wakorea haina chumvi kabisa, au mimi ndiye niliyekosea?

Mla Kongoro wa Ngarenaro

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa waliowahi kuishi Korea Kusini, hasa Seoul. Nina wiki ya pili hapa, nimekuja kwa kozi fupi. Jana jioni baridi imenichapa, nikaona kimgahawa kina sufuria kubwa linafuka mvuke dirishani, nikasema hapa ndipo penyewe. Nyumbani Arusha mimi siku yangu haianzi bila bakuli la kongoro na chapati mbili. Nikaonesha kidole picha ya kwanza ukutani, nikakaa.

Ilikuja kabla sijavua koti. Bakuli jeusi la udongo, supu inatokota humo humo mezani, nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Ndani vipande vinne vya nyama vyembamba kama karatasi, na tambi nyeupe. Kijiko cha kwanza nikaungua ulimi. Cha pili, hakuna kitu. Hakuna chumvi, hakuna ndimu, hakuna tangawizi wala pilipili. Nimekula wali (umekuja pembeni kwenye kibakuli cha chuma chenye mfuniko) na figili zao nyekundu, supu nikaiacha zaidi ya nusu.

Yule mama mwenye mgahawa alinitazama kwa huruma, akasema kitu huku anaonesha mezani. Sikuelewa, nikainamisha kichwa, nikalipa won 12,000, ambayo kwa hela yetu ni elfu ishirini na kitu!! Na pembeni yangu kulikuwa na mzee anakunywa supu hiyo hiyo, anaguna kwa raha, anasema neno kama "shiwonada".

Ndivyo ilivyo hii supu, au nilipewa ya jana? Na mzee alikuwa anasifia nini?

Bandidu wa Buza

Mkuu umelipa elfu ishirini kunywa maji ya moto. Pole. Siku nyingine nenda na Royco mfukoni.

Mama Nasra wa Seoul

Mdogo wangu, pole na ulimi. Alichokuwa anakuonesha yule mama ni kikopo cha chumvi. Kilikuwepo mezani, nakuapia, pamoja na pilipili manga na kibakuli cha majani ya vitunguu yaliyokatwa. Kama hukuviona, basi ulikaa na njaa ya kupitiliza.

Hiyo inaitwa seolleongtang, wewe itamke "sollongtang" watakuelewa. Inaletwa bila chumvi makusudi. Anayeipika anaishia kwenye mifupa, nusu iliyobaki unaimalizia wewe mezani. Ukiinywa kama ilivyokuja umekunywa supu ambayo bado haijaiva, ndiyo maana ukaona maji.

Mimi huu ni mwaka wangu wa saba hapa. Nilikuja kusoma, na miaka miwili nilifanya kibarua, kwa kibali cha uhamiaji, jikoni kwa mama mmoja anayeuza supu hiyo ng'ambo ya mto Han. Kazi yangu ilikuwa mifupa na vyombo. Kwa hiyo nikikuambia kuna kitu ndani ya yale maji yako, nimekiona kwa macho na nimekioshea mikono.

Mifupa ni ya mguu wa ng'ombe, wanaiita sagol, imekatwa kwa msumeno mpaka uboho unaonekana. Jioni inalowekwa kwenye maji baridi, yanabadilishwa mara tatu nne mpaka yaache wekundu. Mwezi wa kwanza, maji ya bomba ya hapa, vidole nilikuwa sivisikii mpaka nafika kitandani. Halafu inachemshwa robo saa hivi, na yale maji yote yanamwagwa. Mara ya kwanza kuambiwa niyamwage nilisimama na sufuria kama mjinga. Kwetu Tanga hiyo ndiyo supu yenyewe! Mama akanipokonya, akayamwaga yeye. Mifupa inasuguliwa mmoja mmoja, inarudi sufuriani na maji mapya, na hapo sasa ni moto mkali, supu irukeruke, saa nane, saa kumi, wengine zaidi. Inaepuliwa, mifupa inatiwa maji tena, inachemshwa upya, na mchemsho wa pili unachanganywa na wa kwanza. Kwa hiyo hilo swali lako la "ya jana"... sehemu yake huenda ilikuwa ya jana kweli, na si kasoro.

Weupe unatokana na ule moto. Mafuta yanapasuka chembe ndogo ndogo, ule utomvu unaogandisha midomo ukila kongoro unazishika zisipande juu, na supu inakuwa nyeupe kama maziwa, ambayo nayo ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya maji. Ukichemsha kwa moto mdogo inabaki angavu. Kuna sehemu watu wananong'ona kwamba mpishi anadanganya kwa maziwa ya unga. Kwa yule mama wangu sikuona kopo la maziwa hata siku moja, na mimi ndiye niliyekuwa nafuta makabati.

Sasa rudi pale pale, usione haya. Ikifika, usiiguse kwanza, chungu kinatunza moto kuliko unavyodhani. Anza na tambi, maana zikikaa zinavimba. Wanasema hizo tambi ziliingia kwenye supu wakati serikali yao inawahimiza watu wale ngano kwa sababu mchele ulikuwa hautoshi, miaka ya 60 na 70, zikabaki. Kisha tia majani ya vitunguu mengi bila huruma, chumvi kidogo, onja, ongeza, onja. Ukifika katikati, mwaga wali wako ndani. Na zile figili unazozilaumu ndizo dawa yake, zinaitwa kkakdugi. Kijiko cha supu, kipande cha figili. Wazee wengine wanachota na ule mchuzi mwekundu wa figili wanaumimina kwenye supu, inakuwa ya waridi, ina uchachu. Wewe unayelilia ndimu jaribu hiyo, ndimu yao ndiyo hiyo.

"Shiwonada" ni siwonhada. Maana ya kawaida ni ubaridi wa kuburudisha, kama upepo wa bahari jioni. Lakini hapa mtu anakunywa kitu kinachotokota, jasho linamtoka, halafu anasema siwonhada. Miaka yangu miwili ya kwanza nilidhani wananitania. Siku moja nimetoka kwenye mtihani, nje nyuzi kumi chini ya sifuri, nikanywa kijiko cha kwanza, neno likanitoka lenyewe. Mama akacheka mpaka akashika meza.

Mla Kongoro wa Ngarenaro

Dada asante sana, sikutarajia shule yote hii. Kweli kulikuwa na kikopo, nilidhani ni cha vijiti vya meno! Vijiko navyo sikuviona, nimekaa dakika tano nasubiri kijiko, mzee akavuta droo iliyo pembeni ya meza yangu akanitolea.

Swali la nyongeza: niliingia sehemu ya nyama choma juzi wakanikatalia. Nilikuwa peke yangu. Ni ubaguzi au?

Mama Nasra wa Seoul

Siwezi kuwasemea wote, ila mara nyingi ni suala la mtu mmoja. Sehemu nyingi za nyama ya kuchoma mezani zinaanzia watu wawili, nao wenyewe Wakorea wanakatazwa wakija peke yao. Mwaka wa kwanza hilo lilinitesa kuliko baridi. Rafiki sina, kila harufu nzuri inatoka mahali ambapo lazima uwe na mwenzako.

Kwenye supu hakuna hayo. Nenda saa sita mchana uone: dereva wa teksi peke yake, mzee peke yake, binti wa ofisini peke yake na simu kaiegemeza kwenye chupa ya maji. Kila mtu na chungu chake. Hakuna anayekuuliza mko wangapi kwa sauti ya lawama. Nyingine hazifungi usiku, niliwahi kuingia saa kumi alfajiri nikakuta meza nne zimejaa madereva. Unakula dakika ishirini, unalipia pale mlangoni, bakshishi hakuna, usiache hela mezani, watakukimbilia nayo barabarani. Mlangoni angalia kama kuna mashine ya kahawa, ile ya kikombe cha karatasi kidogo, tamu kupita kiasi. Mara nyingi ni bure.

Kuhusu kumwita mhudumu: utasikia wanaita "imo". Ni dada wa mama, yaani mama mdogo kabisa kama kwetu. Wewe mgeni sema tu "yogiyo", au bonyeza kengele ya mezani kama ipo.

Bint Kikwajuni

Asalam aleikum. Dada Mama Nasra, samahani naingilia. Mume wangu anakuja huko mwezi ujao na mimi namfuata. Hiyo supu kwa Muislamu inakuwaje? Nimesoma "ng'ombe" nikafurahi, halafu nikakumbuka kuchinjwa.

Mama Nasra wa Seoul

Waaleikum salaam mdogo wangu. Umeuliza la maana, na mimi mwenyewe pale jikoni nilikuwa nakula wali, mayai na figili tu, na ile siwonhada yangu ya siku ya mtihani ilinitoka kwa mchuzi wa samaki ambao mama alinipikia mimi. Naona wengine mlishadhani nilikunywa.

Ng'ombe wa kwenye migahawa ya kawaida hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Hilo halina njia ya mkato. Na chunga majina: supu nyeupe si zote za ng'ombe. Dwaeji gukbap, maarufu sana mji wa Busan, ni nguruwe, na kwenye picha inafanana na hii kama pacha. Sundaeguk nayo nguruwe. Haejangguk, wanayokunywa asubuhi waliolewa, nyingine zina damu ya ng'ombe iliyogandishwa, vipande vyekundu vilivyokolea kama maini. Jifunze neno "dwaeji", yaani nguruwe, kabla ya neno lolote lingine.

Mukifika Seoul nendeni Itaewon, kwenye msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976. Mteremko ule una mabucha ya halali na maduka ya viungo. Mimi nanunua mifupa pale, nailoweka kuanzia usiku, Jumamosi nzima jiko linawaka. Jirani wa juu, bibi wa Kikorea, aligonga mlango siku moja nikajua kaja kulalamika. Kaja na bakuli la kkakdugi.

Mpita Njia Kariakoo

Hiyo ya moto mdogo na supu angavu uliyogusia, si ndiyo gomtang? Mimi nilikuwa Seoul kikazi siku tatu, mwenyeji alinipeleka Myeongdong, bakuli la shaba, supu haina weupe hata kidogo. Ilikuwa tamu ajabu. Tulilipa kabla ya kukaa na saa kumi jioni wanafunga.

Mama Nasra wa Seoul

Hiyo itakuwa mgahawa wa Hadongkwan, wapo tangu 1939. Ndiyo, ni gomtang, inategemea nyama na utumbo zaidi kuliko mifupa. Nyingine angavu ni ya mji wa Naju, kusini. Huko utaona mpishi anamimina supu ya moto kwenye wali, anaikamua irudi sufuriani, anamimina tena, mara kadhaa, mpaka punje zipate moto hadi ndani. Mkono haukosei tone. Mimi nilijaribu nikamwaga wali wote sufuriani, sitaki kukumbuka.

Jina seolleongtang lenyewe wanabishania. Hadithi wanayoipenda ni ya Seonnongdan, madhabahu iliyo karibu na stesheni ya Jegi-dong, wafalme wa Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, walikuwa wanafanya ibada ya kilimo pale, ng'ombe anachemshwa, umma unagawiwa. Wengine wanasema neno limetoka kwa Wamongolia, kwao supu wanaiita karibu hivyo hivyo. Nilimuuliza mama. Akasema nimalize vyombo.

Mla Kongoro wa Ngarenaro

Wakuu, nimerudi pale pale leo mchana. Nimeanza na tambi, nimetia majani ya vitunguu kama ng'ombe mwenyewe, chumvi kidogo kidogo. Kijiko cha nne ikafunguka! Sio kongoro, nisiwadanganye. Kongoro inakupiga kifuani. Hii inakuja polepole, na mpaka sasa midomo inanata. Mchuzi wa figili nimeumimina wote, dada uko sahihi kuhusu ndimu.

Yule mama alikuwa ananichungulia kutoka jikoni. Nilipoinua chungu kumalizia za mwisho alikimbia, "ani, ani!", akanishusha mikono, akaniwekea kijiko. Kumbe hakiinuliwi? Halafu akaniletea kibakuli cha pili cha wali, sikuagiza, na kwenye risiti hakipo.

Bandidu wa Buza

Royco ulienda nayo lakini?

Mla Kongoro wa Ngarenaro

Ilikuwa mfukoni mkuu. Sikuitoa.