Mjadala: Rasimu za viwango vya intaneti ziko wazi kwa maoni ya kila mtu. Je, sisi tunasikika?

MLETA MADA

Wakuu, habari za wakati huu. Mada hii imenikaa kooni muda mrefu. Leo naiweka mezani tuijadili kwa hoja.

Jinsi barua pepe inavyosafiri, jinsi simu inavyotafuta anwani ya tovuti, jinsi mazungumzo yako na benki yanavyofungwa asiyasome mtu wa katikati: yote hayo ni makubaliano yaliyoandikwa na watu. Kabla hayajawa kiwango huwa rasimu, na rasimu huwekwa hadharani ili yeyote aseme neno. Chombo kikubwa katika kazi hii ni IETF, ambacho mkutano wake wa kwanza, Januari 1986, ulikuwa na watu 21. Hakina wanachama. Huhitaji barua ya mwajiri wala muhuri wa wizara. Unajiandikisha kwenye orodha ya barua pepe ya kikundi kazi kinachoandika rasimu, unasoma, unaandika kwa jina lako mwenyewe. Kura hawapigi. Mwenyekiti huangalia kama kila pingamizi limejibiwa kwa hoja, na wakiwa ukumbini wakati mwingine huwaomba watu wafumbe midomo na kuvumisha sauti, asikie upande gani una uzito. Hati zao zinaitwa RFC, maana yake Ombi la Maoni. Jina hilo alilichagua Steve Crocker, mwanafunzi wa chuo kikuu kule California, alipotoa ya kwanza tarehe 7 Aprili 1969, ili asionekane anatoa amri.

Kwa hiyo mlango uko wazi, hilo sibishani nalo. Ninachosema ni kwamba tunaitwa, na sisi wenyewe tunajitokeza, wakati chakula kimeshapakuliwa.

Wengi wetu husikia habari ya rasimu inapofika mwito wa mwisho, yaani nafasi ya mwisho ya maoni kabla haijapitishwa. Hapo muda wa maoni kwa kawaida ni wiki 2 ikiwa rasimu imetoka kwenye kikundi kazi, wiki 4 ikiwa imeletwa na mtu binafsi. Lakini kabla ya hapo wenzetu wameshabishana miaka miwili, mitatu, na kila sentensi ina historia yake usiyoijua.

Yalinikuta mwenyewe. Nafanya kazi kwa mtoa huduma mdogo wa intaneti huku Kanda ya Ziwa. Miaka kadhaa iliyopita, rasimu ya chombo kimoja ambacho sitakitaja ilikuwa inabadilisha namna vifaa vinavyouliza anwani za tovuti. Niliona hatari: maswali ya wateja wetu yakijibiwa na seva za mbali, video ambayo ipo tayari kwenye seva ya akiba Dar es Salaam itaanza kuvutwa kutoka Ulaya. Nilikaa usiku tatu na rasimu ile, kurasa 40 za Kiingereza ambacho kila neno lina uzito wa sheria. Nikaandika aya nne. Jibu lilikuja ndani ya saa mbili, tena la heshima kabisa: suala hili lilijadiliwa miezi kumi na minane iliyopita, mjadala wenyewe huu hapa, je, una vipimo vipya?

Sikuwa na vipimo. Nilikuwa na uchungu tu.

Asubuhi yake nilianza kupima muda wa data kwenda na kurudi kutoka kwenye mnara wetu mmoja: Dar milisekunde 18, Ulaya 160 na zaidi, jioni inapanda kuliko hapo. Nikapima wiki nzima, nikachora jedwali. Nilipomaliza, muda wa maoni ulikuwa umefungwa siku mbili nyuma. Jedwali lile ninalo mpaka leo.

Na msidhani wanaochelewa ni wanyonge tu. Septemba 2016 mwakilishi wa taasisi za fedha za Marekani aliiandikia IETF kuomba njia ya zamani ya kubadilishana funguo isiondolewe kwenye TLS 1.3, itifaki inayofunga mawasiliano ya tovuti, kwa sababu benki zilikuwa zikiitegemea kukagua mawasiliano ndani ya mitandao yao. Alijibiwa waziwazi kwamba amechelewa sana, na kwamba kuiondoa njia hiyo ndilo lilikuwa kusudi. TLS 1.3 ikatoka Agosti 2018 kama RFC 8446, baada ya rasimu 28. Nami nakubaliana na uamuzi ule. Usalama wa mtumiaji ulitangulia. Ila tazameni kilichofuata: waliotaka ukaguzi walikuwa na mlango wa pili. Mwaka huohuo ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ilichapisha toleo lake linaloruhusu ukaguzi huo. Sisi mlango wa pili hatuna.

Pendekezo langu ni kwamba tuache kusubiri mwito wa mwisho. Rasimu inapopokelewa na kikundi kazi, hapo ndipo tuisome, mmoja wetu aandike muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye mitandao walete vipimo, kisha maoni yaende yakiwa na namba. Wengine mnaonaje? Njia hii inafaa, au tunapoteza muda na tupitie serikalini?

MCHANGIAJI, NAIROBI

Ndugu, nimekusoma hadi mwisho na kisa chako kimenigusa, lakini nakupinga. Unajitwisha lawama isiyo yako.

Mlango kuwa wazi na mtu kuweza kuingia ni mambo mawili. Anayeshinda kwenye orodha zile za barua pepe ni mhandisi aliyeajiriwa na kampuni kubwa, na kusoma rasimu ndiyo kazi anayolipwa. Wewe uliisoma usiku baada ya kushuka mnarani. Wanasema kila anayeshiriki anajisemea kama mtu binafsi, sawa, lakini mshahara wake unatoka wapi? Halafu hiyo mikutano ya IETF, mitatu kwa mwaka. Kuanzia 1986 hadi 2025 haijafanyika hata mmoja katika bara la Afrika. Amerika ya Kusini walifika, Buenos Aires, 2016. Huku bado. Najua kuna kanuni kwamba uamuzi wa ukumbini lazima uthibitishwe kwenye orodha ya barua pepe, na najua asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe ada ya kuhudhuria kwa mbali. Ila yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua mambo huiva kwenye chai.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010 imeweka ushirikishwaji wa umma kuwa wajibu wa anayetunga sheria. Yeye ndiye anayepaswa kunifuata mimi, kwa lugha ninayoielewa na kwa muda unaotosha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kutundika tangazo hakukuhesabiwa kuwa ushirikishwaji. Sasa kama kaunti moja inadaiwa hivyo, kwa nini wanaoandika kanuni za mtandao wa dunia nzima watosheke na kusema "rasimu ilikuwa wazi"?

MCHANGIAJI, DODOMA

Mimi nasema tupitie serikalini, ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa. Kule nchi ni nchi, Tanzania ina sauti moja na Marekani ina sauti moja. Hakuna anayekuuliza vipimo ndipo akuheshimu.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Kaka wa Dodoma, nisikize kidogo kabla hujatukabidhi sote kwa wizara.

Mimi sioni. Simu naitumia kwa kisoma skrini, yaani sauti inanisomea kila kilichopo nikipitisha kidole. Kuna programu moja ya malipo, jina silitaji, ilikuwa kila ukimaliza kujaza kiasi inakutaka uburute duara kutoka kushoto hadi kulia ndipo pesa iende. Kisoma skrini kinalitaja tu: "picha." Picha gani? Kidole nikikisogeza kinahesabiwa nimehama ukurasa. Kwa hiyo kila mara ilinibidi nimpe simu mtu mwengine, mara muuza duka, mara mpita njia, anikamilishie, naye ameshaona salio langu. Fikirieni hilo kwa mtu mzima mwenye kazi yake na watoto wake.

Mwongozo wa W3C, chombo cha viwango vya tovuti, kuhusu tovuti zinazofikika na watu wote, toleo la 2.2 la Oktoba 2023, unasema jambo linalofanywa kwa kuburuta lazima liwe na njia nyengine isiyohitaji kuburuta. Unasema pia mtu asilazimishwe kufanya mtihani wa kumbukumbu ili aingie kwenye akaunti yake, na vitufe visiwe vidogo kupita kiasi. Mambo haya yalipitia rasimu zilizowekwa wazi, na W3C ina kanuni kwamba maoni yanayoletwa rasmi lazima kikundi kiyashughulikie na kuyajibu, hata kama aliyeyaleta si mwanachama. Kampuni ndizo zinazolipa uanachama pale, hilo nalijua, na mwaka 2017 walipitisha kiwango cha kufunga video zisinakiliwe kwa asilimia 58.4 ya kura hata EFF, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, likajitoa. Si malaika wale. Lakini mtu kama mimi anaweza kuandika kule leo, akajibiwa. Kwenye kura ya nchi moja, sauti moja, nani angesimama kuzungumzia lile duara?

MCHANGIAJI, LUBUMBASHI

Jambo ndugu zangu. Nataka kuongeza mlango mdogo ambao wengi hamuujui.

Kiswahili katika kompyuta kina vitambulisho. "sw" ni Kiswahili kwa ujumla, na chetu cha Congo kina msimbo wake, swc. Namna ya kuvitumia imeandikwa katika RFC 5646 ya 2009, na ombi la kubadili daftari la vitambulisho hivyo hukaa wazi wiki 2 kwa maoni ya watu. Kisha kuna CLDR ya Unicode, wale wanaoweka viwango vya maandishi kwenye kompyuta: ni hazina ambamo simu hupata majina ya siku, miezi, sarafu, jinsi ya kuandika tarehe. Humo Kiswahili kina sehemu ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda na ya Congo. Wazungumzaji hupendekeza maneno na kuyapigia kura. Kwetu wengi husema "mwezi ya kwanza", Januari ni ya wasomi. Neno kama hilo likiingia au likikosekana, ni kwa sababu mtu fulani alikaa akaliandika, au hakukaa.

Pale hawakuulizi milisekunde. Wanakuuliza: kwenu mnasemaje? Hiyo ni elimu ambayo mama yangu anayo kuliko mhandisi yeyote. Nashauri anayeogopa kurasa 40 aanzie hapo.

MLETA MADA

Wakuu, nashukuru kwa uzito mlioupa.

Mkuu wa Nairobi, umenirudisha nyuma hatua moja, nakiri. Nilizungumza kana kwamba kuchelewa ni kosa letu peke yetu. Ni kweli anayeomba maoni ana wajibu wa kuwafikia anaowaomba, na kama ofisi inayoendesha mikutano ile inakodi kumbi dunia nzima, Nairobi, Kigali na Dar zina kumbi. ICANN, wanaosimamia majina ya tovuti, walikutana Nairobi 2010 na Kigali 2024, na mambo yalikwenda. Hili tuliandike rasmi, nami nitakuwa wa kwanza kuweka jina langu.

Lakini hoja ya kwamba vipimo ni kizuizi, hapo bado nakataa. TLS ya zamani ilihitaji safari mbili za kwenda na kurudi za kukubaliana funguo kabla ya neno la kwanza kupita. Mpya inahitaji moja. Aliyekuwa Afrika Mashariki kabla mkongo wa baharini wa Seacom haujafika Julai 2009 anakumbuka intaneti ya setilaiti, kila safari moja zaidi ya nusu sekunde. Hiyo nusu sekunde tuliiishi sisi. Ni ushahidi, na mwenye ushahidi huo ndiye anayestahili kuusema, ila tuuseme kwa namba, kwa sababu kwenye orodha ile namba yangu ina uzito sawa na namba ya mwenye kampuni. Uchungu wangu hauna uzito huo.

Mkuu wa Dodoma, ngoja nikupe mfano wa mlango uliofungwa kweli. Viwango vya mitandao ya simu, ikiwemo ile menyu ya nyota na reli ambayo bibi zetu hutumia kutoa pesa, viko chini ya 3GPP. Hati zao unaweza kuzisoma bure. Kushiriki kuziandika, lazima uwe mwanachama kupitia mmoja wa washirika wao saba: wawili wa Japani, na mmoja mmoja kutoka China, Korea, India, Ulaya na Marekani. Afrika hakuna hata mmoja. Kwa hiyo kitu tunachokitumia kuliko wengi duniani, hatuna mlango wa kwetu wa kukisemea. Ndiyo maana siko tayari kuuacha huu ulio wazi kwa sababu tu kizingiti chake ni kirefu. Serikali ziende ITU, ni haki yao. Sisi twende huku.

Dada wa Mombasa, lile duara nimelionyesha kwa wenzangu wawili wanaotengeneza programu. Mmoja alikwenda kuangalia ya kwake usiku uleule, akakuta anayo.

Basi tuanze hivi. Alhamisi ijayo saa tatu usiku nitaweka muhtasari wa rasimu moja iliyopokelewa na kikundi kazi mwezi huu, ukurasa mmoja, Kiswahili. Mtu wa Lubumbashi naomba atusaidie maneno. Ninachokosa ni vipimo kutoka maeneo yasiyo na mkongo wa ardhini. Kuna mwenye kiungo cha setilaiti?

MCHANGIAJI, KIGOMA

Mimi ninacho, kwenye zahanati ya kijiji ziwani. Kumbukumbu za miezi mitatu, kila dakika tano, na siku za mvua nimeziwekea alama. Niambie mnazitaka kwa muundo gani.