Tawi la mwembe juu ya bati la jirani: kamba ifungwe wapi?

MkaziSinza

Habari za jioni, ndugu zangu. Nyumbani kwetu Sinza upo mwembe wa siku nyingi, ambao tawi lake moja limevuka ukuta na kulalia bati la jirani yetu, mama mtu mzima anayeishi na wajukuu. Pale linapoanzia shinani lina unene wa sentimita 30 hivi, na kwa juu limeanza kufanya ufa ambao mvua ikinyesha hutuamisha maji. Ningependa liondoke kabla ya masika. Fundi niliyempata anasema atalifunga kamba katikati, vijana 3 waishike kwa mikono upande wa pili, naye akate. Kamba aliyonionyesha ni manila ya kijani ya plastiki, ile ile ya kuanikia nguo. Je, njia hii ni salama? Kama si salama, kamba ifungwe wapi, na ishikwe vipi?

MkataMiti

Ndugu, tafadhali usimruhusu aanze. Hesabu uzito kwanza. Mti mbichi umejaa maji, kwa hiyo kwa usalama ukadirie kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo. Kipande cha urefu wa mita 3 chenye unene huo kinakaribia kilo 200, kabla hujahesabu vijitawi na majani. Tena huo ni uzito wa kitu kilichotulia. Kipande kikianguka hata mita 1 tu kabla kamba haijakaza, mvuto wake huwa mara kadhaa ya uzito huo, na hakuna mikono ya vijana 3 itakayouzuia.

Kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, lifungwe juu ya mahali pa kukatia, kwenye panda nzima ya shina, kwa ukanda imara. Kamba itoke kwenye tawi, ipande hadi kwenye kapi, ishuke hadi chini ya shina na kuzungushwa hapo mara 3, ndipo mtu mmoja aliyesimama mbali na mahali pa kuangukia aishike. Ile mizunguko ndiyo inayobeba mzigo. Yeye kazi yake ni kuachia kamba polepole. Kumbuka kwamba panda yenye kapi hubeba karibu mara 2 ya uzito wa tawi, kwa sababu kamba inavuta kwa pande zote mbili, kwa hiyo isiwe na ufa wala uozo. Lile tawi lililopasuka asilikanyage mtu, wala kamba yake ya usalama isifungwe hapo.

Manila ya plastiki naikataa kabisa. Niliwahi kuona ikipitishwa moja kwa moja kwenye panda bila kapi: mzigo ulipoanza kushuka tulisikia harufu ya plastiki iliyoungua, na nyuzi zikayeyuka zikashikana, zikang'aa kama kioo. Kijana aliyekuwa amejizungushia kamba kiganjani alichunika ngozi yote ya kiganja. Tafuta kamba ya poliesta ya milimita 14 au 16, isiyo na mikwaruzo, na mzigo wenu usizidi sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, maana fundo lenyewe hupunguza nguvu ya kamba.

FundiJahazi

Naongezea kidogo, kwa kuwa kamba na makapi ndiyo kazi yangu ya miaka mingi. Msilishushe tawi zima kwa mkupuo mmoja. Anzeni nchani kwa vipande vya mita 1 mkirudi shinani. Kila kipande kifungwe kwa kitanzi kinachojikaza, na kabla ya kitanzi hicho kamba izungushwe mara moja kwa nusu fundo, ili kipande kishikwe mahali pawili na kisichomoke. Kamba nyembamba ya pili ifungwe upande wa ncha, mtu aivute kutoka uani kwenu, kipande kisibembee kwenye bati. Mkataji naye akae upande ambao kipande hakitarudi, kwani mzigo ulioning'inia hurudi kuelekea shinani kwa kasi.

Msumeno uanzie chini, theluthi moja ya unene, kisha ukate kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza kuelekea nchani. La sivyo, tawi litajichana na kushuka na gome la shina. Kisiki kinachobaki mkikate mwisho, nje kidogo ya ule uvimbe unaounganisha tawi na shina, ili jeraha lifunike vizuri.

MamaKijitonyama

Ndugu Mkazi, je, waya wa umeme unapita karibu? Kama upo, waite TANESCO wakate umeme kwanza, kwa sababu tawi bichi na kamba yenye unyevu hupitisha umeme. Pia mzee wa watu na wajukuu wasiwemo ndani siku hiyo.

MkaziSinza

Nawashukuru sana. Nimeangalia leo asubuhi: waya unapita karibu mita 2 kutoka kwenye ncha, kwa hiyo kesho naenda TANESCO kabla ya jambo lingine lolote. Yule fundi nimemwambia asubiri. Panda iliyo juu ya tawi inaonekana nzima, lakini nitaomba mtu apande aigonge na kuikagua kabla sijanunua kapi. Mama amekubali kwenda kwa binti yake Mbagala siku hiyo, na wajukuu wote.