Ukungu kwenye mgomba uliohifadhiwa ndani msimu wa baridi: utupwe au utibiwe?

Kutoka Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za baridi.

Mgomba mfupi wa Cavendish, chungu cha galoni 10, uko besimenti tangu Oktoba. Majani yalikatwa yote, gogo likaachwa na urefu wa mita moja hivi. Joto la chumba ni nyuzi 54 za Farenhaiti (kama 12 za Selsiasi), kipima unyevu kinasoma asilimia 78. Unamwagiliwa nusu lita kila wiki.

Sasa juu ya udongo kuna utando mweupe kama pamba. Kwenye mkato wa juu kuna unga wa kijani-bluu. Maganda ya nje ya gogo yamekuwa ya kahawia, yanateleza, na sehemu moja ina manyoya ya kijivu. Kuna dawa, au ndiyo basi?

Kutoka Minneapolis

Marahaba dada. Usiutupe. Umeeleza vitu vitatu ambavyo havina uzito sawa.

Pamba nyeupe juu ya udongo ni kuvu inayokula mabaki ya mboji. Mgomba wenyewe haiugusi. Kwangua sentimeta 3 za juu, tupa, weka mchanga mkavu au perilaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kuchanganyia udongo) mahali pake. Lakini inakwambia kwamba udongo haukauki, na sababu ni ile nusu lita ya kila wiki. Mgomba usio na majani haunywi. Kwenye nyuzi 12 umelala kabisa, maji yanabaki chini ya chungu na mizizi inakosa hewa. Acha kumwagilia. Chomeka kijiti sentimeta 10 chini: kikitoka na udongo ulioganda juu yake, bado. Kikitoka kikavu, mpe glasi moja, pembeni mwa chungu, maji yasiguse gogo. Kwa joto hilo glasi hiyo hutosha mwezi au zaidi.

Unga wa kijani-bluu kwenye mkato ni kuvu ya juu juu, ya aina ile inayoota kwenye mkate. Imefuata utomvu. Itaondoka na kipande utakachokata.

Manyoya ya kijivu ndiyo ya kushughulikia leo. Kuvu hiyo huitwa Botrytis. Huanzia kwenye sehemu iliyokufa, kisha hujisogeza kwenye sehemu hai kama kuna ubaridi, unyevu na hewa iliyotuama. Maganda ya nje kufa ni kawaida, ila yalipaswa kukauka yakawa kama karatasi. Yakiteleza, maji yamenaswa katikati ya ganda na ganda.

Fanya hivi. Tandika gazeti, vaa barakoa na nguo ya kazi (utomvu wa mgomba hautoki nguoni, unajua). Lowesha manyoya kwa kitambaa chenye maji kwanza. Ukiyabandua makavu, unapeperusha mbegu za kuvu nyumba nzima. Bandua kila ganda laini mpaka shinani kabisa, usiache kisiki cha ganda, maana ndipo uozo unaporudi. Simama ukifika ganda gumu, jeupe au la kijani hafifu.

Halafu kata gogo. Kisu kipanguse kwa spiriti ya asilimia 70, kikauke. Anza juu, kata vipande vya sentimeta 5, na kila mkato angalia moyo wa katikati. Moyo mweupe, mgumu, unaotoa maji maangavu ni mzima. Ukiona doa la kahawia katikati, uozo unashuka, endelea kukata, na kisu kipanguse upya kila mara. Usiogope kwenda chini. Mgomba ambao haujaanza kutoa mkungu, kichwa chake cha kukua kiko kwenye tunguu (kile kiazi cha shinani), usawa wa udongo. Hata kisiki cha sentimeta 10 huchipua. Mkato wa mwisho uwe wa mshazari ili maji yasikae juu yake.

Mwisho, jaribu tunguu lenyewe. Fukua kidogo pembeni, bonyeza kwa kidole gumba, choma kwa kijiti cha mshikaki. Likiwa gumu kama kiazi kikuu kibichi, mgomba uko hai hata kama juu hakuna kitu. Likibonyea na kunuka kama samaki aliyelala, huo ni uozo wa bakteria na hakuna dawa ya dukani itakayolirudisha. Hapo tafuta chipukizi la pembeni lenye mizizi yake, likate na kipande cha tunguu kigumu, liache likauke siku mbili, kisha lipande kwenye chungu kidogo chenye udongo mkavu-mkavu.

Kutoka Leicester

Naongezea kwa wanaoweka migomba sebuleni ikiwa na majani, maana huko wengi wanatibu ukungu usiokuwepo.

Unga mweupe mwembamba chini ya jani na kwenye gogo, unaofutika kwa kidole ukaacha kijani safi, ni nta ya mgomba wenyewe. Uacheni.

Vibonge vyeupe kwenye kikonyo au mahali jani linapotokea, vikipondwa vinatoa majimaji ya rangi, ni vidung'ata. Hao ni wadudu. Waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti.

Utando mweusi kama masizi, unaonata: kuvu ipo kweli, lakini inaishi juu ya mkojo mtamu wa vidukari, vidung'ata au vidugamba walio juu yake. Ukifuta masizi bila kuua wadudu, yanarudi. Changanya lita moja ya maji vuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na manukato, jaribu jani moja, subiri siku moja, kisha osha majani yote juu na chini kwa sponji na suuza. Rudia kila siku 7, mara nne. Ukiishia mara moja, mayai na watoto waliojificha ndani ya maganda wanaanza upya.

Ganda gumu jeupe au la manjano kwenye ukingo wa chungu, lisilo na manyoya, ni chumvi ya maji ya bomba na mbolea. Acheni mbolea hadi machipuko.

Na tafadhali, msinyunyizie majani maji kila siku kwa sababu hita imekausha hewa. Maji yanaingia kwenye koo la mgomba, yanakaa, na jani jipya linaoza kabla halijakunjuka.

Kutoka Columbus, Ohio

Ahsanteni sana. Gogo limekatwa hadi sentimeta 25, hapo moyo ni mweupe. Tunguu gumu. Je, mkato upakwe jiki au majivu? Nyumbani tunajua majivu.

Kutoka Toronto

Jiki hapana, dada. Kwenye mmea hai inaunguza nyama safi, na nyama iliyoungua ni chakula kipya cha kuvu. Jiki ni ya chungu kitupu: osha udongo wote, kisha loweka dakika 10 kwa sehemu moja ya jiki na tisa za maji, suuza. Usiichanganye kamwe na siki, spiriti wala dawa nyingine ya usafi. Hewa inayotoka ni sumu.

Majivu ya kuni yanafaa, kiasi cha kufunika mkato tu, yakaushe utomvu. Majivu ya mkaa wa kubana wa kuchomea nyama yasitumike. Wala usiyamwage kwenye chungu kama shambani: shambani mvua inayaosha, kwenye chungu chumvi inabaki na kuunguza mizizi. Mdalasini wa unga unafanya kazi ileile ya kukausha.

Lakini mkato hautapona kwenye unyevu wa asilimia 78. Shusha hadi 50 au 60. Feni ndogo ipulize kando ya mgomba, isiuelekee, saa kadhaa kila siku. Sogeza chungu sentimeta 30 kutoka ukutani, kiinue juu ya vipande vya mbao, ondoa sahani ya chini. Kagua kila wiki mwezi huu, baadaye kila wiki mbili.

Kama kuna mwenye pumu nyumbani, asiwe yeye anayebandua maganda, na mabaki yafungwe kwenye mfuko yatoke siku hiyohiyo.

Kutoka Minneapolis

Sentimeta 25 ni nzuri. Katikati patasukuma juu kidogo kama kidole, hata gizani. Ndiyo dalili kwamba umepona. Usiongeze maji kwa furaha. Mwishoni mwa Machi upandishe kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na dirisha la kusini, subiri jani la kwanza likunjuke, ndipo uanze lita moja kila udongo unapokauka sentimeta 5. Nje usiutoe mpaka usiku ubaki juu ya nyuzi 10, na siku za kwanza ukae kivulini.