Wakala wa mavolontia wanakula hela za wageni, lawama zinabaki kwetu tunaowalaza

Wadau habari zenu, nina hasira hapa sijui hata nianzie wapi. Mimi ni wa Bukoba, nimeolewa huku Uganda, tunakaa Jinja upande wa Bugembe. Kuna wakala analeta vijana wa Ulaya na Marekani kujitolea, wengine wanafundisha shule, wengine wanapelekwa vituo vya watoto, kulala wanalala majumbani kwetu. Tunalipwa shilingi za Uganda elfu 15 kwa siku kwa kila mgeni. Hiyo elfu 15 ndio chai, ndio chakula cha mchana na usiku, maji ya kunywa ya kuchemsha, maji ya moto ya kuoga, yaka (umeme wa kulipia kabla), makaa, mashuka kufuliwa. Na haiji kwa wakati, mgeni keshapanda ndege kwao ndio unaanza kubembeleza utumiwe hela yako kwa momo (hela ya simu) kama unaomba msaada.

Sasa juzi jioni niko nje namenya ndizi, binti wa Kijerumani ninayekaa naye akaja akakalia jerikeni pembeni yangu, akaniuliza kwa adabu kabisa, mama, hapa nyumbani kuna shida? Maana nyama tunakula Jumapili tu na mimi chakula nimelipia. Nikamuuliza mwanangu, umelipia kiasi gani? Akafungua simu akanionyesha risiti. Dola 1,400 wiki nne, na chini imeandikwa sehemu kubwa ya hela inaenda kwa familia na jamii inayompokea!! Nikabaki na kisu mkononi napiga hesabu. Ni kama milioni 5 za huku. Yangu mimi kwa hizo wiki nne ni laki 4 na elfu 20, na bado sijaiona hata mia.

Jamani mnaelewa maana yake? Mtoto wa watu muda wote huo anakula maharage na posho (ugali wa huku) kwangu akijua hela yake nimeikalia. Ameogopa kuniuliza kwa sababu wamemwambia asiongee habari za hela na familia. Na sisi tuliambiwa hivyohivyo, eti wageni hawapendi. Wamehakikisha hatuongei ili wao wakae katikati wanakula kushoto na kulia, hiki ndicho kinaniuma kuliko hata hiyo laki 4.

Nimempigia koodineta wao, jibu lake: nyabo (yaani mama), familia zinazoomba wageni ni nyingi, kama umechoka sema. Basi. Eti hela nyingine ni usafiri wa kutoka Entebbe na mchango wa shule. Safari moja ya gari kutoka Entebbe mpaka Jinja inakula mamilioni? Na huo mchango, mwalimu mmoja wa hapo shuleni ni jirani yangu, anasema walichopata ni madaftari na rangi ya ukuta.

Halafu wamemwingiza kwa viza ya utalii, ile ya dola 50, akiulizwa aseme amekuja kuangalia Nile. Siku uhamiaji wakija watagonga mlango wa nani, si wangu?

Na bado. Wiki hii wanataka kumhamishia zahanati "akasaidie wauguzi". Mtoto wa miaka 19 amemaliza sekondari juzi, atamsaidia nani nini? Na hii ni Jinja, mji uleule ambao 2019 akina mama wawili walimpeleka mahakamani Mmarekani asiye na taaluma ya udaktari, wakisema alitibu watoto wao wakafa. Kesi iliisha kwa makubaliano 2020 bila yeye kukubali kosa, ila akina mama wa hapa hawajasahau. Nimemwambia binti asiende, na nimemwambia awapigie wazazi wake awaeleze kila kitu, risiti na picha awatumie.

Mwezi ujao wanataka kuniletea wengine wawili. Hawaingii humu ndani bila mkataba wa maandishi wenye bei anayolipa mgeni na bei ninayolipwa mimi kwenye karatasi moja, na nusu niipate kabla hajafika. Mume wangu anasema watatuacha waende kwa wengine. Waende, ila hao wengine nao wajue.

Kwa hiyo mlioko Mukono, Entebbe, Masaka, Fort Portal, yeyote anayelaza mavolontia, semeni hapa mnalipwa ngapi kwa siku na kama kuna aliyewahi kupewa mkataba. Na kama kuna mwanasheria humu, hiyo laki 4 yangu naidai kupitia wapi?