Tyuna ya USB ya kutazama TV kwenye simu bila bando: nichukue DVB-T au DVB-T2?

Zamu_ya_Usiku:
Habari zenu wadau. Natafuta namna ya kutazama chaneli za bure kwenye simu bila kuchoma bando. Dukani kuna vijiti viwili vya kuchomeka kwenye tundu la chaji, kimoja kimeandikwa DVB-T (mfumo wa kurusha TV ya dijitali kwa antena), kingine DVB-T2 (toleo lake la pili) na bei yake ni karibu mara mbili. Muuzaji anasema tofauti ni jina tu. Simu ni Android ya USB-C, niko Ruiru, Kenya, nyumba ya mabati. Swali la pili: gari la kutoka Japani lina TV kwenye redio yake, lakini linaandika Kijapani na halikamati chochote. Fundi anaweza kulifungua?

FundiAntena:
Muuzaji anakudanganya, au hajui anachouza. Kenya ilianza dijitali Desemba 2009 kwa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2 kabla mitambo ya analojia haijazimwa mwaka 2015. Kijiti cha DVB-T kitatafuta kuanzia mwanzo hadi mwisho na kukuletea sifuri. T2 inasoma mawimbi ya T, lakini T haisomi T2 hata kwa sasisho la programu, kwa sababu kazi hiyo iko ndani ya chipu.

Usiamini maandishi ya boksi, uliza chipu. Ukiambiwa RTL2832U peke yake, hiyo ni DVB-T. Inawafaa wanaocheza na redio za kompyuta, wewe haikusaidii. Ukisikia Si2168, au MN88473 ikiwa pamoja na chipu ya RTL, hapo pana T2.

Kabla hujatoa hela, chomeka flashi kwenye simu kwa kebo ya OTG (ile ya kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu). Isiposomeka, na tyuna haitasoma. Oppo, Vivo na Realme nyingi zina swichi ya OTG kwenye mipangilio, na hujizima yenyewe kama dakika 10 zikipita bila kitu kuchomekwa. Watu wengi hurudisha tyuna nzima dukani kwa sababu ya swichi hiyo.

Halafu programu ya kutazamia TV. Hakikisha inaitambua chipu yako kwanza. Ikikuuliza nchi na Kenya haimo, chagua Uingereza: nao wanatumia nafasi ya MHz 8 kwa kila chaneli kwenye UHF (masafa ya TV) na wana T2. Ukitafuta kwa mkono, chaneli ya 21 ni MHz 474, kisha unaongeza 8 kila hatua hadi ya 48 iliyo 690. Ya 30 kwa mfano ni 546.

Jambo moja ujue mapema: zitakazofunguka ni zile zisizofungwa tu. Chaneli za kulipia utaziona kwenye orodha zikiwa na majina yao, ukigusa ni giza, kwa kuwa kijiti hakina pa kuweka kadi.

Zamu_ya_Usiku:
Shukrani mkuu. Na ile antena ndogo inayokuja nayo inatosha ndani ya mabati? Kuna mtu kaniambia ninunue busta.

Mawimbi_254:
Busta iache kwanza. Busta hukuza kila inachopokea, kelele pamoja. Kama ndani ya nyumba mawimbi hayafiki, utakuwa unakuza kelele. Tena vijiti vingi havipeleki umeme kwenye tundu la antena, kwa hiyo antena yenye busta bila chanzo chake cha volti 5 hupokea vibaya kuliko waya mtupu.

Antena ya kuvuta watu huivuta yote wakidhani ndefu ndiyo bora. Siyo. Gawanya 7,125 kwa MHz unazotaka, upate urefu kwa sentimita. Kwa 546 ni sm 13. Kwa 690 ni kama sm 10.3. Pima kwa rula.

Kama kitako chake ni cha sumaku, usikiweke juu ya meza ya mbao. Kibandike kwenye bati au mfuniko wa sufuria wa chuma wenye upana wa sm 25 hivi (aluminiamu haishiki sumaku, ila kukiweka tu juu yake kunatosha). Antena hiyo ni nusu tu ya kazi, bati la chini ndiyo nusu ya pili. Kisha ilaze na kuisimamisha uone ipi inapandisha SNR (kipimo cha mawimbi dhidi ya kelele) kwenye programu, maana mtambo ukirusha mlalo na antena yako ikawa wima unapoteza nguvu nyingi bure.

Nyumba ya mabati: dirishani, upande unaoelekea mnara. Kama haitoshi, toa antena nje kwa waya wa koaksia wa ohm 75, mita 5 tu, na adapta ya kuingia kwenye tundu la kijiti, ambalo mara nyingi ni la aina ndogo iitwayo MCX. Tundu hilo ni dhaifu; waya mzito ukining'inia hapo utaling'oa. Mzigo ubebwe na kamba au gundi ya moto.

Chini ya dB 20 hivi za SNR tarajia picha kugeuka vigae na sauti kukatika, kama mtambo unatumia 256-QAM (namna ya kubana data nyingi kwenye mawimbi). Dijitali haina chenga za taratibu kama zamani: dakika hii picha safi, dakika ijayo hakuna kitu.

FundiAntena:
Naongeza kwa Mawimbi: simu yenyewe ni adui. Inaporusha 4G kwenye masafa ya 700 au 800, iko sentimita chache tu kutoka kwenye tyuna inayosikiliza 690. Picha ikikwama ovyo, weka hali ya ndege. Ikitulia, umempata mchawi. Kijiti kikae kwenye kebo ya OTG ya nusu mita, kisining'inie tundu la chaji.

Na chaji itakwisha haraka. Ile DVB-H, TV ya dijitali ya simu za zamani kama Nokia N96 ilitumwa kwa mafungu, tyuna ikilala kati ya fungu na fungu. T2 ya kawaida haina mapumziko hayo. Tafuta kebo ya OTG yenye mguu wa pili wa kuingiza umeme wa pawabenki, lakini hakikisha simu yako inakubali kuchajiwa huku ikiendesha OTG. Nyingine hukubali kimoja tu.

Dashibodi:
Nijibu la gari. Hakuna cha kufungua. Hiyo TV ni ya ISDB-T, mfumo wa TV ya dijitali wa Kijapani, na ile picha ndogo yake huitwa 1seg: chaneli ya MHz 6 imegawanywa vipande 13, cha katikati ndicho cha simu na magari. Fundi akikwambia ataibadilisha kwa kadi ya ramani, ondoka na pesa yako. Kinachowezekana ni boksi la DVB-T2 la volti 12 lenye antena mbili au nne, ukaliingiza kwenye AV (tundu la kuingizia picha na sauti) ya redio, kama redio ina AV.

Chukua lenye antena nne ukiweza. Kwa MHz 600 na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, masafa huyumba kama Hz 44. Mitambo inayolenga antena za paani mara nyingi huchagua modi ya 32K, ambamo vijimawimbi vingi vinavyobeba picha vimepangwa kila Hz 279. Myumbo huo ni zaidi ya asilimia 15 ya nafasi hiyo, na antena moja haiuvumilii. Ndiyo maana hata simu yako ndani ya matatu itakwama barabara kuu na kupona kwenye foleni.

FM ya redio ya gari je, inaishia 90?

Zamu_ya_Usiku:
Ndiyo, 76 hadi 90.

Dashibodi:
Basi ekspanda ya FM, kifaa cha kushusha stesheni za juu ziingie kwenye 76 hadi 90, inakaa kati ya antena na redio. Soma namba yake kabla ya kununua. Ya MHz 12 inakuletea 88 hadi 102, kwa hiyo 98.4 utaikuta kwenye 86.4, lakini ya 105 hutaipata. Ya 18 inaanzia 94 hadi 108. Andika stesheni zako kwanza, kisha uchague. Waya wake mwekundu uunganishe kwenye ule wa umeme wa antena au ACC (umeme unaowaka ukiwasha swichi ya gari), usiuweke moja kwa moja kwenye betri, la sivyo itakuwa inakunywa umeme usiku kucha.